Kijiti Chenye Mikato Miwili

Chanzuru, Kilosa
2 Februari 2025

Mwanangu Deogratias,

Tumsifu Yesu Kristu. Najua siku hizi salamu hii unairuka. Iruke, lakini iruke ukijua shangazi yako ameiandika.

Huku wazima. Mahindi ya vuli tumevuna, si mengi, ila ghala halilii. Binti yangu Happiness amejifungua salama mtoto wa kiume, kilo tatu na nusu. Paji la uso ni la baba yako kabisa, marehemu kaka yangu, limetoka mbele kama linataka kufika kabla ya mwenyewe. Akilia ndiyo wanafanana zaidi. Namwekea Happiness maziwa kwenye uji ili apate nguvu, nachukua lita moja kila asubuhi kwa Soila, yule mke wa Sankale, mlinzi wa hapo kwenye gesti yenu. Maziwa yenyewe, mwaka wa pili sasa, ni mepesi sana. Nachemsha, nangoja utando, hauji. Sijui ng'ombe wao wanakula nini.

Nakuandikia kwa kalamu kwa sababu unajua sikio langu. Simu siisikii mpaka niweke spika, na nikiweka spika kitongoji kizima kinashiriki. Uliponiambia umeachana na yule binti wa Morogoro, nilipewa pole na watu sita kabla sijakata. Kwa hiyo tuandikiane. Kondo atabeba kwenye Noah yake, kila siku anakuja Mikumi na kurudi. Nimemwambia akifungua barua yangu nitamshtaki kwa mama yake, na mama yake anamjua.

Sasa lililonifanya nikae na kalamu. Happiness amenionyesha maneno uliyoweka kwenye simu yako watu wote wayaone: "Kila mtu na ukweli wake. Anayekwambia ukweli ni mmoja anataka kukutawala." Nimesoma mara tatu. Mara ya kwanza nilicheka, nikasema hicho ndicho chuo alichokiacha mwaka wa tatu. Mara ya pili sikucheka. Mara ya tatu nilijiuliza, huyu kapatwa na nini? Maana mtu ambaye mambo yake yamenyooka haamki asubuhi akatangaza kwamba hakuna kilichonyooka.

Nimekulea toka darasa la pili, Deo. Ukificha kitu, unaongea sana. Niambie.

Na Sankale hajambo? Mkewe analeta maziwa siku hizi bila kusema neno.

Shangazi yako,
Magreti

*

Mikumi
16 Februari 2025

Shangazi yangu,

Shikamoo. Salamu yako sijairuka, nimeisoma yote, sema sikuijibu kwa sauti.

Mpe Happiness hongera, na pole kwa hilo paji la uso. Mimi nimeishi nalo miaka ishirini na tisa, mtu anazoea. Huku mvua zinakuja na kukataa. Juzi tembo wawili walivuka barabara, wakavunja uzio wa nyuma, wakala mapapai yote ya Bosi Bryson, hawakuacha hata mabichi. Bosi alisimama mlangoni kwa taulo akiwatukana kwa majina. Mimi bado niko kaunta, napokea wageni na madereva. Nimehamia chumba cha nyuma, kidogo, kina harufu ya dizeli isiyotoka hata nikiacha dirisha wazi. Silali vizuri. Si ugonjwa, usianze kunichemshia majani.

Kuhusu yale maneno. Shangazi, wewe una hekima, lakini kuna watu wamekaa miaka mia mbili wakiyafikiria mambo haya. Nakupa mfano wa nyumbani. Ukiwa Chanzuru, milima iko upande wa jua kuzama. Mtu aliyeko upande wa pili, kule Mpwapwa, anaiona upande wa jua kuchomoza. Nani mwongo? Hakuna. Kila mmoja ana mahali aliposimama. Hata haya maneno mazito, haki, kosa, wizi, kila jamii imeyashona yenyewe, na kwa kawaida aliyeshika sindano ni mwenye nguvu. Ukilijua hilo unapata amani. Unaacha kujihukumu kwa kipimo ambacho hakuna aliyewahi kukiona.

Sina ninachoficha. Nimekua, ndiyo hivyo.

Sankale hayupo kazini kwa sasa. Ni mambo ya kazi tu.

Mwanao,
Deo

*

Chanzuru
9 Machi 2025
Jumapili ya kwanza ya Kwaresima

Mwanangu,

Mtoto amebatizwa jina la baba yako, Tomasi. Alimkojolea padri. Padri akasema ni baraka, akaenda kubadilisha joho.

Nimeusoma mlima wako. Ni mzuri, na unakupiga mwenyewe. Mimi nauona kule, wa Mpwapwa anauona huku, sawa. Lakini mlima wenyewe umekaa palepale, haujamwuliza mtu amesimama wapi. Sisi wawili tukipanda, kila mmoja kwa upande wake, tutakutana juu. Kama kila mtu angekuwa na mlima wake, tungekutana wapi? Mimi nimeishia la saba, Deo, lakini hilo nimeliona nikiwa napepeta mchele.

Na huyo mwalimu wako wa miaka mia mbili si wa kwanza. Yupo mmoja wa zamani zaidi, gavana, alisomea kazi, alikuwa na askari na beseni la maji safi. Yesu kasimama mbele yake amefungwa kamba, anamwambia nimekuja kuishuhudia kweli. Naye Pilato anauliza, kweli ni nini? Kila Ijumaa Kuu tunasoma, na kila mwaka naona jambo lilelile: baada ya kuuliza, alitoka nje. Hakungoja jibu. Mtu anayetaka jibu hukaa. Yeye alikuwa anatafuta mlango. Angekubali kwamba kweli ipo, ingebidi amfungue yule mtu kamba, na nje kulikuwa na watu wenye kelele.

Wewe unatafuta mlango gani?

Nitakusaidia, kwa sababu na mimi sikuwa mkweli kwako. Nilipokuuliza kama Sankale hajambo, nilikuwa najua. Soila aliniambia siku tatu kabla. Nilitaka nione utasema nini. Ukasema "mambo ya kazi."

Sankale yuko mahabusu toka Januari. Wanasema kaiba dizeli kwenye lori alilokuwa analilinda, lita mia mbili. Soila amekwenda kumwona mara mbili. Sankale amemweleza utaratibu wenu pale, akamweleza taratibu kama anayemfundisha mtoto, na Soila akanieleza mimi jikoni kwangu akitumia mwiko. Jioni lori likiegesha, Sankale na dereva wanatumbukiza kijiti kwenye tangi. Mafuta yalipofika, Sankale anakata kwa kisu. Dereva anasaini kwa kalamu pembeni ya mkato. Kisha kijiti kinapelekwa kaunta, mtu wa kaunta anaandika namba ya gari, anakiweka kwenye ndoo. Asubuhi wanatumbukiza tena kijiti kilekile, Sankale anakata upande wa pili. Mikato ikikaa uso kwa uso, hakuna kilichoibwa, dereva anaondoka, kijiti kinakwenda jikoni kuwa kuni.

Sankale anasema siku ile mikato ilikaa uso kwa uso. Dereva akaondoka kwa amani. Siku ya tatu, alipofika mwisho wa safari na kuulizwa mafuta yamekwenda wapi, ndipo alipokumbuka kwamba aliibiwa Mikumi.

Na mtu wa kaunta, Deo, ni nani?

Sikuulizi kuhusu miaka mia mbili. Nakuuliza asubuhi moja. Kijiti kilikuwepo, hakikuwepo? Mikato ilikaa uso kwa uso, haikukaa? Soila haji tena na maneno, lakini anasimama mlangoni muda mrefu kuliko maziwa yanavyohitaji.

Shangazi yako

*

Mikumi
23 Machi 2025

Shangazi,

Shikamoo. Nimekaa na barua yako wiki mbili. Kondo kaniuliza mara nne kama kuna majibu, mara ya nne akasema, "Bro, shangazi yako ananitazama kama mimi ndiye nimekula hiyo barua."

Unataka niseme, haya nasema. Polisi walikuja. Bosi Bryson aliniita ofisini kabla hawajanifikia. Akasema, "Vijiti huwa vinachomwa, si ndiyo? Basi kimechomwa. Wewe hukumbuki kama walipima asubuhi, ulikuwa na wageni." Kampuni ya yale malori inaegesha kwetu magari kumi na tano kila siku. Ikihama, gesti inafungwa. Tuko wafanyakazi kumi na moja, Shangazi. Wapishi, wafua mashuka, akina mama wenye watoto. Nikaandikisha maelezo kwamba sikumbuki. Sikusema kaiba. Nilisema sikumbuki.

Nipigie hesabu wewe. Mtu mmoja upande huu, kumi na moja na familia zao upande ule. Kuna watu wameandika vitabu vizima kuthibitisha kwamba tendo jema ni lile linalopunguza maumivu ya wengi. Na hata hivyo, mimi nilichagua nini? Wanasayansi wamepima ubongo, wanasema uamuzi unafanyika humo kabla mwenyewe hujajua. Baba alikufa nikiwa mdogo, nimekua nikiogopa kupoteza mahali pa kukaa, mtu mkubwa akanikunjia uso, mdomo ukasema. Ni kama maji kuteremka. Unayagombeza maji?

Halafu unaniandikia Pilato. Sawa. Nikuulize na mimi jambo la asubuhi moja. Mwaka juzi mahindi yako yalipoliwa, ulisimama kwenye mkutano wa kitongoji ukasema umeona kwa macho yako ng'ombe wa Saitabau, kaka yake Sankale, shambani kwako. Kwa macho yako. Nilikuwa likizo. Siku ile wewe na mimi na Happiness tulikuwa Kilosa mjini kwenye harusi toka asubuhi mpaka jioni. Uliona na macho gani? Kitongoji kikawafungia kina Saitabau njia ya kunyweshea mtoni, mpaka leo wanazunguka na mifugo mwendo wa saa mbili. Ulikuwa na ukweli wako, Shangazi, ukaona unatosha. Uliungama?

Sikuandiki hivi kwa hasira. Au labda kwa hasira.

Kile kijiti ni kipande cha mti tu.

Deo

*

Chanzuru
13 Aprili 2025
Jumapili ya Matawi

Mwanangu Deo,

Nimechelewa. Wiki ya kwanza nilikasirika, nikaichana barua yako. Wiki ya pili niliiunganisha kwa gundi ya Happiness ya kucha. Wiki ya tatu nitakusimulia, lakini kwanza nimalize na watu wako wawili.

Huyo wa hesabu, wa mmoja kwa kumi na moja, namjua. Alikuwa kuhani mkuu, jina lake Kayafa. Alisimama barazani akawaambia wenzake, afadhali afe mtu mmoja kuliko taifa zima liangamie. Hesabu yake ilikuwa safi, hakuna aliyemkosoa. Kosa lilikuwa kwamba yule mmoja hakuulizwa. Angalia siku zote, Deo: anayepiga hesabu hiyo hajiweki kamwe upande wa mmoja. Kama kazi za watu kumi na moja zinasimama juu ya mgongo wa Sankale, basi waambieni hao kumi na moja, mwite mkutano, wapige kura mchana, mke wa Sankale akiwa amekaa mbele. Mkishindwa kusema akiwepo, hiyo si hesabu.

Na yule wa maji kuteremka ni wa zamani kuliko wote. Adamu. Ni huyu mwanamke uliyenipa. Mwanamke naye, ni nyoka. Kila mmoja alisukumwa. Na Mungu hakubishana nao habari za nyoka, aliuliza tu, umekula? Nikuambie kwa nini simwamini huyo anayesema hatuchagui. Mimi nimezika mume, nimezika kaka. Ningekuwa maji ningeteremka nao. Kuna asubuhi niliamka nikasema sitaki kuamka, na nikaamka. Aliyepima ubongo aje apime asubuhi ile. Sikubali kuambiwa mimi ni mfereji. Nimeumbwa kwa mfano wa Mungu, na wewe pia, hata ukikataa, na ndiyo maana lile "sikumbuki" lako linakunyima usingizi. Maji hayakosi usingizi.

Sasa kuhusu mimi.

Ni kweli. Sikuona. Niliona kwato asubuhi yake kwenye udongo mbichi, nikataka ziwe za mtu fulani. Niliposimama kusema "nimeona nyayo," mtu nyuma akadakia, "Za kina Saitabau!" na watu wote wakanigeukia, Deo, wote, walikuwa upande wangu, nikaona utamu. Nikasema nimeona kwa macho. Sikuungama. Kila Kwaresima niliungama uvivu wa kusali na kumsengenya Joha jirani yangu, na lile nikalikalia kama kuku. Nawafundisha watoto wa Mafundisho ile amri ya nane, usimshuhudie jirani yako uongo, nikifika hapo naongeza sauti.

Jumatatu iliyopita ulikuwepo mkutano wa kitongoji. Nilimwambia Mudi, mwenyekiti wetu, nina neno. Akadhani ni la mchango wa kisima. Nikasimama nikasema, "Mwaka juzi nilisema nimeona ng'ombe wa Saitabau. Sikuona. Siku ile nilikuwa Kilosa harusini nakula pilau. Nilisema uongo hapa mbele yenu, naomba njia ya mtoni ifunguliwe."

 Halafu mtu mmoja akasema, "Mama Magreti, umerogwa?" Mwingine, "Wamekupa ng'ombe?" Wakacheka. Mudi akaninong'oneza, "Bibi, kaa chini, unatuharibia. Hata kama si wale, si ni Wamasai walewale?" Sikukaa. Nikamwambia, "Mwenyekiti, ukikamatwa wewe kwa kosa la Mudi mwingine, utafurahi?" Nikasimama mpaka karani akaandika, na nikasema asome alichoandika. Akasoma. Ndipo nikajifunga kitenge upya, nikakaa.

Kesho yake, Jumanne, wanajumuiya walikuwa waje kusali kwangu. Nilipanga viti kumi na viwili. Walikuja wawili, na mmoja ni kiziwi kuliko mimi, nadhani habari haikumfikia. Tulisali. Viti kumi vikatutazama. Wamesema watatafuta mwenyekiti mwingine wa jumuiya. Watafute. Njia ya mtoni Mudi ameahidi italetwa kwenye mkutano ujao, na mkutano ujao nitakuwa nimekaa mstari wa mbele.

Nikaenda kwa Soila mwenyewe, shemeji yake Saitabau, nikamwambia mlangoni kwake.  Nikasema, "Ulijua?"

"Nilijua," akasema. "Kila mtu anajua ulikuwa harusini. Ulivaa lile gauni la njano."

"Na ukaendelea kuniletea maziwa miaka miwili?"

Akasema, "Nilikuwa natia maji."

Deo, nilicheka mpaka nikakaa chini. Naye akacheka, akafunika mdomo na shuka. Miaka miwili nalaumu ng'ombe!

Sasa nimefika kwako. Uliniandikia Februari kwamba chumba chako kina harufu ya dizeli isiyotoka. Wewe hulali na malori, unakaa kaunta na vitabu vya wageni. Dizeli inatoka wapi? Nimefikiri nikiwa napalilia, na nikasimama na jembe juu.

Hukukichoma.

Bosi kakwambia kimechomwa, jiko liko hatua ishirini, na hukukichoma. Kiko kwenye chumba chako, naapa, kwenye begi au chini ya godoro. Nikuulize wewe msomi: kama kila mtu ana ukweli wake, na wizi na haki ni maneno ya kushonwa, kwa nini unalala juu ya kipande cha mti? Aliyeamini kweli hayo angekipikia chai. Wewe hukuthubutu. Mkono wako ulijua. Miezi miwili unaniandikia kwa kalamu kwamba hakuna kipimo ambacho mtu amekiona, na kipimo kinakunukia puani.

Musa naye alitoa sababu nyingi. Mimi ni nani, hawataniamini, ulimi wangu mzito. Mungu hakumjibu zote. Alimwuliza, ni nini hicho mkononi mwako? Ilikuwa fimbo tu ya kuchungia.

Kesi inasikilizwa tarehe 29, Soila kaniambia. Sitakuja kukushika mkono. Mimi yangu nimeisema kwa miguu yangu miwili. Usinijibu kwa barua mpaka umesimama na wewe.

Shangazi yako anayekupenda na asiyekubali,
Magreti

*

Mikumi
30 Aprili 2025

Shangazi yangu,

Shikamoo.

Kilikuwa ndani ya godoro. Siku ile Bosi aliponiita kilikuwa bado kwenye ndoo ya kaunta, hakijaenda jikoni; usiku nikalikata godoro kwa wembe nikakisukuma humo.

Juzi jioni nilimwambia Bosi Bryson, nikaona si haki akutane nacho mahakamani. Hakunikunjia uso. Hicho ndicho kilichoniuma, alikuwa mpole. Akasema, "Deo, wewe kijana wa akili, kwa nini unajiua kwa ajili ya mtu ambaye hata jina lako la pili halijui?" Nikamwambia na mimi lake silijui, nadhani ndiyo tatizo. Akaomba funguo za kaunta. Nikampa.

Mahakama ya Mwanzo ilikuwa imejaa madereva. Sankale kakonda, Shangazi. Amesimama wima vilevile kama bado analinda geti. Hakunitazama. Nilipoitwa nikasema naikumbuka asubuhi ile, hakimu akafungua faili, akasema, "Maelezo yako ya Januari yanasema hukumbuki. Leo unasema unakumbuka. Yapi ya kweli?"

Hapo, nakuapia, yote niliyosoma yalikuja. Inategemea unamaanisha nini, mheshimiwa. Kumbukumbu ni kitu kinachojengwa. Yalikuja yakapanga foleni mdomoni. Sankale akakohoa tu, kikohozi cha mahabusu, kikavu. Nikasema, "Ya leo."

"Na ya Januari?"

"Ni uongo. Niliusema mwenyewe, hakuna aliyeushika ulimi wangu."

Nikatoa kijiti. Ukumbi ukanuka dizeli. Namba ya gari ni mwandiko wangu. Saini pembeni ya mkato wa jioni ni ya dereva, hakimu akailinganisha na aliyosaini polisi, akaita washauri wake nao waone. Mikato miwili, uso kwa uso, unaweza kupitisha uzi. Kisha akaagiza apewe Sankale, akamwuliza kama anakijua. Sankale hakukiangalia. Alipitisha kidole gumba mara moja, akasema, "Kisu changu."

Dereva aliulizwa kwa nini alisaini jioni mafuta yakiwa chini hivyo kama kweli yaliibwa baadaye. Akasema hakumbuki. Nilisikia aibu kwa niaba yake, lile lilikuwa neno langu.

Saa nane hakimu akarudi. Sankale hana kesi ya kujibu.

Mimi ninayo, labda. Natakiwa kuripoti polisi Jumatatu kuhusu maelezo ya Januari. Kazi sina. Malori matano yamehamia gesti ya mbele, na mmoja wa wapishi hakunijibu salamu. Kwa hiyo hesabu yangu haikuwa ya kubuni, Shangazi, nataka ulijue hilo. Kuna watu wataumia na mimi nitawaona sokoni.

Nje nilimfuata Sankale. Nilikuwa nimeandaa maneno. Akaninyoshea mkono nisiyaseme. "Miezi mitatu," akasema. "Miezi mitatu ulikuwa umelalia mkono wangu." Akaondoka. Alipofika kwenye Noah ya Kondo aliingia kiti cha nyuma, na nilipopita akasema dirishani, bila kunitazama, "Mwambie shangazi yako njia ya mtoni tumesikia."

Hutaki nikudanganye, basi sikudanganyi. Sijui kama nimeamini chochote. Usiku wa kuamkia kesi nilijaribu kusali, nikaishia kuhesabu mbao za dari. Najua tu kwamba mikato ilikaa uso kwa uso, na ingekaa hivyo hata kama ningekufa bila kusema, hata kama dunia nzima ingepiga kura. Sina jina la kitu hicho. Mlima, labda.

Jana nililala kama jiwe.

Deo

*

Chanzuru
4 Mei 2025

Mwanangu,

Jina lake ninalo, ila sitakupa kwa nguvu. Umeanza kupanda, tutakutana juu.

Jumatatu usiende polisi peke yako. Naja na gari la kwanza la Kondo, nimeshamwambia aniwekee kiti cha mbele, upande wa sikio zima. Wakikuuliza, sema kama ulivyosema. Wakikuweka ndani, nitakaa nje kwenye benchi na rozari yangu mpaka wachoke kuniona, na mimi sichoshi upesi. Wale wapishi wa gesti nionyeshe, nitaongea nao mwenyewe. Hatutawakimbia.

Viti bado kumi havina watu. Jumanne nitavipanga tena vyote.

Leo asubuhi Soila amekuja, na Sankale nyuma yake na fimbo yake, wamesimama mlangoni wamekunywa chai. Maziwa nimechemsha. Nimegeuka kidogo tu kumbeba mtoto, niliporudi utando ulikuwa umefunika sufuria yote, mnene, kijiko kikasimama juu yake. Nimekuwekea kwenye chupa. Utayanywa Jumatatu, kabla hatujaingia.

Shangazi yako,
Magreti